Mita Mbili kwenye Mlango wa Kufulia

Nyumba Na. 14, Weavers Row,
Brackenshaw,
Lancashire.
3 Mei 2020

Mpendwa shemeji Clifford,

Salamu nyingi zikufikie huko Tasmania, wewe na Glenys na wajukuu wote. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba hii korona haijabisha hodi kwenu. Goti lako linaendeleaje? Janice aliniambia kuwa tangu Krismasi unatembelea fimbo na unaificha wageni wakija. Usione haya, shemeji. Afadhali fimbo kuliko kuanguka.

Mimi si mgonjwa. Nakula, nalala kidogo, nadeki jiko ambalo halina uchafu. Jirani yangu Mavis ananiwekea supu juu ya ukuta wa bustani, halafu anarudi nyuma hatua tatu ndipo mimi naisogelea, kama paka aliyewekewa maziwa na mtu asiyemwamini. Ndivyo tunavyoishi siku hizi. Asante kwa kadi, na asante kwa maua uliyoagiza kwa simu. Yalifika siku moja baada ya mazishi, lakini yalifika.

Najua Janice alikupigia akakueleza jinsi tulivyomzika baba yake. Binti yangu ana moyo mwema, na wenye moyo mwema husimulia nusu. Wewe ndiye ndugu pekee wa Norman aliyebaki, na ndege zenyewe zilikuwa zimelala chini, kwa hiyo unastahili habari nzima. Kaa kitako, mwambie Glenys akuwekee chai.

Unajua kwamba tangu apate kiharusi Norman alikuwa makao ya wazee kule kilimani. Katikati ya Machi wakafunga milango, na sisi jamaa tukabaki na dirisha. Nilikwenda kila siku saa nane mchana na kiti changu cha kukunja, nikakaa kwenye majani chini ya dirisha lake, nikamsomea gazeti kwa simu. Yeye alikuwa upande wa pili wa kioo, ameshikiwa simu sikioni na Marisol, yule muuguzi Mfilipino. Mpira ulikuwa umesimama, hakuna cha kusoma, basi nikawa namsomea matokeo ya mwaka 1974 kutoka kwenye vitabu vyake. Alicheka kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki.

Alikuwa na ombi moja tu, na alilisema mara nyingi kiasi kwamba hata Marisol alilijua. "Siku yangu ikifika nipitisheni Croft Lane. Msimamishe gari dakika moja. Nataka kusikia kama wamepata mshambuliaji."

Wewe huna haja ya kuelezwa Croft Lane, maana ulifukuzwa pale mwaka 1961 kwa kumrushia mwamuzi chungwa. Unajua pia kwamba mtu wa Brackenshaw Town haendi kuzikwa bila kupitishwa uwanjani. Baba yenu alipitishwa, na mvua ile. Kwa hiyo Norman hakuomba makubwa, aliomba haki yake.

Sasa tuje kwa mabwana wakubwa.

Miaka thelathini na moja nimefua nguo za wachezaji wa klabu ile. Ukitaka kumjua mchezaji usimtazame kwenye televisheni, tazama soksi zake. Nilibandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa, GEUZENI SOKSI KABLA YA KUTUPA, na kila msimu mpya nikabandika nyingine. Hakuna aliyegeuza. Vijana wanaoweza kukimbia dakika tisini hawana nguvu ya kugeuza soksi. Ninatia mkono humo ndani, kwenye tope na jasho, nazivuta moja moja, na wao wakipita mlangoni wananiita "mama yetu". Nilikuwa nacheka. Nilidhani ni utoto tu, watakua.

Nahodha wao sasa ni Callum Averill. Mwezi Machi klabu ilimtoa kwenye video, amevaa fulana nyeupe, amelegeza sauti kama padri mgeni, akituambia tukae nyumbani tuwaokoe wazee wetu. Picha yake ikabandikwa kwenye mabasi yote ya mjini. Mimi nilimwamini, Clifford. Nilimwambia hata Norman kwa simu: umeona, huyu kijana amekua. Kila nikikumbuka hilo natamani kujipiga kofi.

Alhamisi tarehe 16 Aprili, saa kumi na moja jioni, Marisol alinipigia. "Njoo, Bi Brenda. Kupumua kwake kumebadilika." Nikaenda. Sikuketi siku hiyo, nilisimama na kiganja changu kwenye kioo. Ilipofika saa mbili, jua bado lipo, watu wa mabondeni wakatoka milangoni kuwapigia wauguzi makofi kama kila Alhamisi, wengine na masufuria. Sauti ilipanda mpaka kilimani. Marisol hakugeuka hata kutazama. Alikuwa ameshika mkono wa Norman kwa glavu ya mpira.

Ndugu yako alifariki kesho yake asubuhi, saa nne. Hakuhangaika. Marisol aliniapia.

Dakika zilezile za makofi, Callum alikuwa mbele ya jumba lake akigonga sufuria kwa kijiko, akiwashukuru wauguzi, mkewe akimpiga video. Wakaiweka mtandaoni wenyewe. Nataka uelewe hapo: hakuna mwandishi wa gazeti aliyejificha kichakani. Wenyewe! Na nyuma yake, uani, yamejipanga magari saba ya wachezaji wenzake, kila moja na kibao cha namba cha kujinunulia, herufi za jina la mwenyewe na namba ya jezi yake. Unajua walivyo na vile vibao. Mtu anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mama yake, lakini gari lazima litangaze kwamba ni la kwake. Nyuma ya magari moshi wa nyama ya kuchoma, vicheko, muziki. Na nahodha mbele, ametulia, macho yamelegea kwa uchungu wa taifa, anagonga sufuria. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kufikia Jumamosi mji mzima ulikuwa umevisoma vile vibao. Mavis alinisomea kutoka upande wake wa ukuta, miwani puani, kama mwalimu anayeita majina darasani.

"Beki wa kushoto, yupo. Golikipa, yupo. Na huyu? Huyu si ndiye hajafunga goli tangu Oktoba? Yupo! Uwanjani humwoni, kwenye nyama hakosi!"

Nilicheka, Clifford. Norman alikuwa hajamaliza hata siku mbili tangu afariki, na mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaingia ndani nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, maana huzuni ilikuwa bado haijanifikia.

Klabu ikatoa tangazo kwamba wachezaji "wamekumbushwa wajibu wao". Kukumbushwa! Kana kwamba walikuwa wamesahau miavuli. Halafu Callum naye akatoa video nyingine, safari hii mbele ya rafu ya vitabu ambavyo sidhani vimewahi kufunguliwa, akaomba radhi kwa yeyote aliyekwazika. Yeyote. Yaani kukwazika ni ugonjwa wetu sisi, yeye anatupa pole.

Jumanne ikapigwa simu. Alikuwa Philippa, binti wa klabu anayeshughulika na waandishi wa habari, ambaye kwa miaka minne hajawahi kushuka ngazi kuja kwenye chumba changu cha kufulia.

"Bi Brenda, mpenzi, pole sana. Klabu nzima inalia pamoja nawe."

"Klabu nzima ilikuwa inakula nyama, mwanangu."

Akakohoa kidogo. Kisha akasema wangependa kumuaga Norman kwa heshima zote: kikosi kizima kwenye lango kuu, suti nyeusi, mita mbilimbili, na Callum aweke jezi juu ya jeneza.

"Na mpiga picha?"

"Mmoja tu, Bi Brenda. Kwa kumbukumbu."

Shemeji, nilikubali. Usinishangae. Ombi lilikuwa la Norman, chuki ilikuwa yangu, na sikuona kwa nini marehemu anyimwe dakika yake moja kwa sababu mjane wake ana hasira. Nikajiambia nitafumba macho tukifika langoni, nifumbue tukishapita.

Lakini Jumatatu, siku mbili kabla ya mazishi, klabu ikamtumia Janice ratiba. Saa nne na dakika kumi gari litasimama. Saa nne na dakika kumi na moja Callum atasogea. Halafu, nakunukulia kama ilivyoandikwa: "Brenda atateremsha kioo na kumwambia Callum: Norman angekusamehe."

Walishaniandikia maneno yangu. Ya mume wangu pia.

"Ni maneno mawili tu, Mama," Janice akaniambia kwenye simu. "Yaseme yaishe. Baba apate dakika yake."

"Baba yako hakumsamehe yule mwamuzi wa mwaka 1978 mpaka anakata roho. Leo asamehe watu wasiomjua hata jina?"

"Sasa tufanyeje? Tusimpitishe?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nilizunguka jikoni na kitambaa cha vumbi mkononi mpaka nikachoka. Wenye lango walikuwa wao, na Norman alikuwa na safari moja tu iliyobaki, hairudiwi. Ningekataa, ningemdhulumu yeye. Ningekubali, wangemtumia kama sabuni, wajisafishe naye halafu povu liende zake.

Kisha nikakumbuka kwamba Norman hakuwa na shughuli yoyote na lango kuu. Lile ni la wakurugenzi na magari yao. Mlango wake yeye ulikuwa wangu. Kila mechi ya nyumbani, wakati wa mapumziko, alizunguka nyuma ya jukwaa la mashariki, akaingia kichochoroni, akagonga mara mbili mlango wa chumba cha kufulia. Nilimpa chai, na pai niliyokuwa nimeipasha moto juu ya mashine ya kukaushia nguo. Alikula amesimama, akinilalamikia kiungo, kisha akarudi kwenye kiti chake. Miaka yote, mpaka kiharusi kilipompata. Hatukuwahi kukosa ila mara moja, nilipojifungua Janice, na siku hiyo alisema pai ya kibandani ilimuumiza tumbo.

Nikampigia Bwana Pilling, mzishi wetu.

"Bwana Pilling, uwanja wa Croft Lane una milango mingapi ya kusimamisha gari lako?"

"Ninaoujua mimi ni mmoja, Bi Brenda."

"Basi Jumatano nitakuonyesha wa pili."

Baada ya hapo nikampigia Eric Duxbury, mtunza uwanja, naye hakuuliza swali hata moja.

Jumatano kulikuwa na manyunyu. Mazishini tuliruhusiwa watu kumi, si zaidi, kwa hiyo nilikuwa nimekata majina ya watu waliokula mezani kwangu miaka arobaini, na hakuna aliyeninunia. Bwana Pilling alitangulia mbele ya gari la jeneza kwa miguu, kofia ndefu kichwani na fimbo mkononi, kama ilivyo desturi. Mimi na Janice tulikuwa gari la nyuma, vioo wazi, barakoa usoni.

Tukawaona kutoka mbali. Mstari mzuri, suti nzuri, mikono imefumbatwa mbele kama wanangoja mkwaju wa adhabu. Siku hiyo walijua mita mbili ni ngapi! Callum alikuwa katikati na jezi iliyokunjwa, Philippa pembeni na saa yake, mpiga picha amepiga goti kwenye maji. Bwana Pilling hakuharakisha wala hakupunguza mwendo. Alifika kwenye kona, akainua fimbo, akageukia kushoto, na gari likamfuata. Philippa alibaki mdomo wazi, mkono juu, kama anayeita teksi iliyokwisha kupita.

Kichochoroni walikuwapo watu tisa. Wapishi wawili, wenzangu wawili wa kufulia, mama wa chai, mabawabu, wale wote tulioambiwa mwezi Machi tukae nyumbani mpaka tuitwe. Eric alikuwa ametoka na ile mashine yake ya kuchorea mistari ya uwanja, akapima kwa utepe, akamchorea kila mmoja msalaba mweupe wa kusimama. Hakuna aliyetoka nje ya msalaba wake. Gari likasimama mbele ya mlango wangu, sawasawa na kizingiti.

Eric akavua kofia, akatazama saa yake, na dakika moja ikapita bila mtu kukohoa. Kisha akalisogelea jeneza kadiri alivyoruhusiwa, akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Bado hatujapata mshambuliaji, Norman."

Ningefurahi kuishia hapo, shemeji. Janice aliishia hapo, bila shaka. Lakini nimekuahidi habari nzima.

Tulikuwa karibu kuondoka tukasikia viatu vinakuja mbio. Callum alikuwa amezunguka uwanja mzima, suti imelowa, ile jezi bado ameibana kwapani.

"We! Simama hapo hapo!" Eric akamfokea. "Mita mbili! Au nikuchoree?"

Akasimama. Nikaona aibu kidogo kwa niaba yake, ikapita.

"Bi Brenda, nimekuja peke yangu. Sina kamera."

Ni kweli hakuwa nayo. Mpiga picha hana mbio zake, alikuwa bado anahema kwenye kona. "Umekuja kusema nini?" nikamwuliza.

"Samahani. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mke wangu. Hatukufikiria... Kila mtu alikuwa anapindisha kidogo, Bi Brenda. Kila mtu."

"Mimi sikupindisha."

Hapo nikamwambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia hata Janice, aliyekuwa ameketi ubavuni kwangu amenishika mkono. Alhamisi ile, kama saa moja jioni, Marisol alitoka kwa mlango wa pembeni, ule wa kutolea takataka. Alikuwa na aproni ya plastiki na barakoa mkononi, vyote vya kunivisha mimi. "Pita huku, Bi Brenda. Meneja ameshaondoka. Dakika kumi tu, hakuna atakayejua. Anatafuta mkono wako." Nikamwambia hapana, mwanangu. Sheria ni sheria, nikiingia mimi, na mwenzangu ataingia, kisha wazee wote humu watakwisha. Alinisihi mara mbili. Nikarudi dirishani.

Nilimwambia Callum yote hayo kwa sauti ya juu, mbele ya watu tisa, ili aungue. Nilitaka kumwona akiungua.

Hakuungua. Alinitazama, maji yanamtiririka usoni, akauliza kama mtoto anayeuliza kwa nini usiku kuna giza:

"Kwa nini hukuingia?"

Hakuwa ananikejeli, Clifford. Ningejua. Alitaka kujua kweli. Eric akatazama chini, Janice akaachia mkono wangu, na mimi nikapandisha kioo. Bwana Pilling akainua fimbo tukaenda kumzika Norman.

Janice amerudi kunishika mkono tangu siku ile, yaani kwa maneno, maana tumerudi kila mmoja nyumbani kwake na mkono wenyewe hauruhusiwi. Hajaniuliza kitu. Nawadharau watu wale leo kama nilivyowadharau jana, na klabu ikifunguliwa sirudi. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, mistari mitatu tu. Lakini mpumbavu ameuliza swali ambalo wenye akili wote waliniepusha nalo, na kwa siku nne sijapata jibu. Nikisema nilikuwa nawalinda wazee, ni kweli. Nikisema niliogopa, ni kweli pia. Nikisema nilitaka kuwa mtu safi kuliko wengine, nanyamaza kwanza. Mimi ndiye niliyetii, na aliyelipa ni Norman, akitafuta mkono akapewa glavu.

Nisalimie sana Glenys. Nisalimie Stuart na mkewe na pacha wao, na shangazi Edith kama bado anasikia salamu. Mavis anakusalimu, na Eric, anayesema bado anakumbuka lile chungwa. Mungu awalinde nyote, awape siku nyingi katika nyumba ambazo milango yake iko wazi.

Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa ni damu yake. Je, ungekuwa wewe pale mlangoni, ungeingia? Nijibu kwa barua, hata ikichukua mwezi mzima kufika. Usinipigie simu. Kwenye simu nitakusikia ukinyamaza kwanza, kabla hujaniambia kwamba sikukosea.

Wako akupendaye,
shemeji yako,
Brenda